"Tunajua IP zenu": historia ya namba tunazogawana bila kujuana

Uzi wa leo ni mrefu, wekeni chai jikoni kwanza.

Kuna sentensi mbili ambazo hazikosi kwenye mijadala ya siasa siku hizi. Ya kwanza ni ya vitisho: "Tunajua IP zenu, tutawafikia mmoja mmoja." Ya pili ni ya dharau: "Hao wanaolalamika si watu wa mashinani, tumeangalia IP zao, zote ziko Nairobi." Nimezisikia redioni, nimezisoma hapa, na kila upande umezitumia kwa zamu yake, kwa hivyo msinijie faraghani mkiuliza namlenga nani. Tangu 2024, vijana walipojaa mitandaoni kupinga Mswada wa Fedha, zimekuwa kama salamu.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, si uhandisi. Lakini nimekulia Bomet, upande wa Konoin, kwenye majani chai, na nadhani mtu wa kwetu anaweza kulielewa hili haraka kuliko profesa wangu. Hebu nianze na jaribio.

Desemba nilikuwa nyumbani. Jioni moja nikazima wifi, nikawasha bando, nikaingia kwenye mipangilio ya simu pale panapoonyesha IP. Iliyoandikwa ilianza na 10. Nikafungua tovuti mojawapo ya zile zinazokuambia IP yako ni gani. Hiyo ikanipa namba nyingine kabisa, ikianza na 105, na chini yake imeandikwa Nairobi. Nikamwambia binamu yangu, tuko meza moja, laini zetu ni za kampuni moja, naye ajaribu. Ndani ya simu yake kulikuwa na 10 nyingine, tofauti na yangu. Lakini kwenye tovuti alikuwa na namba ileile yangu, hakuna hata tarakimu moja iliyotofautiana. Naye pia alikuwa "Nairobi". Tuko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi, bana, na ng'ombe wanalia nyuma ya nyumba.

Sasa twende kituoni. Mkulima wa chai ndogo ana namba yake. Asubuhi anapeleka majani, karani anapima, kilo zinaandikwa kwenye namba hiyo. Kisha majani yako yanapakiwa kwenye gari pamoja na ya jirani, yanafika kiwandani, yananyaushwa, yanakatwa, yanachachuliwa, yanakaushwa. Gunia likifika mnadani Mombasa limeandikwa alama ya kiwanda: Momul, Litein, Kapkatet, Kapset, Mogogosiek. Mnunuzi wa Pakistan ama Misri hajui wewe ni nani na hana haja ya kujua. Pesa inarudi kwa jina la kiwanda, halafu kitabu ndicho kinachosema nani apate ngapi. (Mambo ya bonasi ya kwetu kuwa ndogo kuliko ya upande wa Mlima Kenya nitayaandikia uzi wake, tusichokozane leo.)

Mtandao wa simu unafanya hivyohivyo. Ile namba inayoanza na 10 ni namba yako ya mkulima, inajulikana ndani ya kampuni tu. Wahandisi wanaiita anwani ya kibinafsi. Ile inayoanza na 105 ni alama ya kiwanda, anwani ya umma, ndiyo dunia inayoiona. Katikati kuna mashine inayopokea maombi ya simu nyingi, inafuta anwani ya ndani, inaweka ya umma, na kuandika kwenye kitabu chake nani aliomba nini ili jibu likirudi lisipotee. Na kama ambavyo mkulima wa kiwanda kimoja anaweza kuwa na namba sawa na mkulima wa kiwanda kingine bila ugomvi, simu mbili za kampuni mbili tofauti zinaweza kuwa na anwani moja ya kibinafsi na zisijuane milele.

Kwa nini tuligawanishwa hivi? Hapo ndipo historia inaanza, na ni historia ya kugawana kitu wakati sisi hatuko mezani.

Mwaka 1981 Wamarekani waliochapisha kanuni za intaneti tunayoitumia hadi leo waliamua kila anwani iwe na biti 32. Ukipiga hesabu zinatoka anwani 4,294,967,296. Wakati huo mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na maabara za serikali yao, kwa hivyo namba hiyo ilionekana kama bahari. Wakagawa kama mtu anayegawa mbuzi wa jirani. Chuo kikuu kimoja tu, MIT, kilishika fungu lote linaloanza na 18, yaani anwani 16,777,216. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Fikiria shule moja inashika anwani ambazo zingetosha mtu mmoja kati ya kila watatu nchini mwetu.

Kufikia miaka ya tisini waliona bahari inakauka. Mei 1994 wahandisi wawili, Kjeld Egevang na Paul Francis, waliandika pendekezo la ile mashine ya katikati, kama dawa ya muda. Februari 1996 yakatengwa rasmi mafungu ambayo yeyote anaweza kuyatumia ndani kwake bila kuomba ruhusa: yote yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168. Hilo la 10 lilikuwa la ARPANET, mtandao wa jeshi la Marekani uliozaa intaneti, ambao ulizimwa 1990. Kwa hivyo ile namba niliyoiona kwenye simu yangu Konoin ni nguo ya mtumba. Hata hapo tumevishwa mtumba.

Intaneti iliingia Kenya katikati ya miaka hiyo ya tisini, wakati ugavi mkubwa umeshafanyika. Shirika la Afrika la kugawa anwani, AFRINIC, lenye makao Mauritius, lilipata kutambuliwa rasmi 2005. Miaka sita baadaye, tarehe 3 Februari 2011, ghala kuu la dunia liligawa mafungu matano ya mwisho, moja kwa kila kanda, na letu likawa lile la 102. Ukiona anwani inaanza na 41, 102, 105, 154, 196 ama 197, uwezekano mkubwa ni kwamba imepitia mikono ya AFRINIC. Hata hiyo tuliyopata haikutunzwa vizuri: 2019 ilibainika kwamba anwani kama milioni nne zilikuwa zimechotwa kinyume cha utaratibu ndani ya shirika lenyewe. Tangu Januari 2020, anayeomba huko anapewa anwani zisizozidi 1,024 kwa ombi moja.

Laini za simu Kenya zimeshapita idadi ya watu. Weka hizo namba mbili kando kando uone kama kuna njia nyingine isipokuwa kugawana. Ulaya na Marekani pia kampuni za simu zinagawanisha wateja, na ndiyo maana Aprili 2012 likatengwa fungu jingine la kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiona 100 badala ya 10 kwenye simu, ni mambo yaleyale. Hata Starlink, ambayo majirani wengine waliinunua wakidhani wamehama mfumo, kwa kawaida inamweka mteja nyuma ya anwani hizohizo.

Sasa turudi kwa yule anayesema "tunajua IP zenu".

Kila anwani ya umma ina namba za milango, 65,536. Mashine ya katikati inampa kila mteja milango kadhaa ili mazungumzo yasichanganyike. Ikimpa kila mtu milango 1,000, anwani moja inabeba watu kama 65 kwa wakati mmoja. Ikimpa 250, inabeba zaidi ya 260. Na hao ni wa dakika hiyo tu. Ukizima data ukawasha tena unaweza kupewa anwani nyingine, na ile ya kwanza akaishika mtu wa Kisumu ama Garissa. Kwa siku nzima, waliopita kwenye anwani hiyo moja ni umati wa soko.

Kwa hivyo anwani ya umma peke yake, ikitoka kwenye simu, inataja kiwanda tu. Ili umfikie mkulima unahitaji vitu vitatu: anwani, namba ya mlango, na saa kamili hadi sekunde. Kisha unahitaji kitabu cha kampuni ya simu kiwe bado kipo na kiwe na maelezo hayo yote. Tovuti nyingi huandika anwani na saa, mlango haziandiki. Juni 2011 wahandisi wa intaneti walitoa ushauri rasmi kwamba seva zianze kuandika namba ya mlango, sababu ikiwa hii hii. Oktoba 2017 polisi wa Umoja wa Ulaya, Europol, walilalamika hadharani kwamba ugawanaji huu unawazuia kutofautisha mshukiwa na watu wasio na hatia walio kwenye anwani moja naye. Kama Europol walikwama, yule anayekutisha akiwa na namba tupu mkononi hana alichoshika.

Lakini msinielewe vibaya, wakuu. Sijasema huonekani. Akaunti yako ina namba ya simu ama barua pepe, simu yenyewe ina alama zake, na kampuni ya simu inajua laini yako ilikuwa kwenye mlingoti gani. Kinachokuficha ni gunia, na nyuma ya gunia kuna kitabu. Swali la kisiasa hapa ni nani ana kitabu na anakifungua kwa karatasi gani.

Kuhusu "IP zote ziko Nairobi", hiyo hata haihitaji kelele. Data ya mlingoti wa Mogogosiek inasafiri ndani ya mtandao wa kampuni hadi mitambo mikuu, na ndipo inapotoka kwenda duniani kwa anwani ya umma. Zile tovuti za kukisia mahali zinataja alipoandikishwa mwenye anwani ama mitambo ilipo. Kwa hesabu hiyo mama anayechuma chai Tirgaga ni mkazi wa Nairobi. Ni kama kusema chai yote ni ya Mombasa kwa sababu ndiko inakouzwa.

Kitabu sasa. Nchi hii haikuanza jana kuwaandika watu namba.

Kogo husema baba yake alitembea na kipande shingoni alipokuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya Kericho, yale yaliyopandwa baada ya kampuni za Brooke Bond na James Finlay kufika miaka ya 1920. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, na karatasi yake ikabebwa kwenye kijisanduku cha bati. Ukikutwa bila, ni kosa. Kipande kilikuwa namba ya mtu mmoja, na kilimfuata kila alikoajiriwa.

Serikali hiyohiyo ilikuwa pia na njia ya pili kwa pale isipojua ni nani. Mwaka 1909 ilipitisha sheria ya adhabu ya pamoja: kosa likitokea na mhusika asipatikane, eneo zima ama jamii nzima inalipa. Na sisi wa huku tunajua ilikofika akili hiyo. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Kipsigis. Walidaiwa kuchochea wizi wa mifugo na ukaidi dhidi ya serikali. Hawakuletwa mahakamani mmoja mmoja. Takriban watu 700, wazee, wanawake na watoto, walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Waliporudi, wengi hawakuwa na ardhi ya kurudia. Wajukuu wao wapo hapa Kericho, na madai yao bado hayajaisha. Sisemi kufungiwa tovuti ni sawa na Gwassi, mtu asinibandike hilo. Nasema kuna desturi ya zamani ya kushika kundi kwa sababu kundi ndilo linaloonekana, na hiyo desturi ilipata mashine mpya.

Baada ya uhuru kipande kikawa kitambulisho. Halafu ukaja ujumbe wa chuki wa SMS wakati wa ghasia za 2007 na 2008, ambao Bonde la Ufa hatujausahau, na kuanzia 2010 serikali ikataka kila laini isajiliwe kwa kitambulisho. Hapo kitabu kikakamilika: anwani inampeleka mpelelezi kwa laini, laini inampeleka kwa jina. Isipokuwa nyumba nyingi za kwetu zina laini ya mama inayotumiwa na watoto watatu na mjukuu, na jioni kuna hotspoti moja ya kijana aliyenunua bando inayohudumia barabara nzima. Jina ni la mama. Kidole ni cha nani?

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inampa afisa wa polisi njia ya kwenda mahakamani kuomba amri ya kutolewa kwa data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamfunga anayetunza kitabu. Kwa hivyo siku mtu atakapokwambia "tunajua IP yako", maswali ya kumrudishia ni mepesi: anwani ipi, mlango upi, saa ngapi, na amri ya mahakama gani? Asipokuwa na la mwisho, anakuomba uogope tu. Akiwa nalo, tafuta wakili, usibishane naye kwenye maoni.

Jambo moja la kuangalia mbele. Mfumo mpya wa anwani, IPv6, ulichapishwa miaka ya tisini na una anwani nyingi kiasi kwamba kila simu inaweza kupata yake ya umma bila kugawana. Ni jambo jema kwa uhandisi, na uhaba tuliofanyiwa unaisha. Lakini gunia nalo linaisha. Kampuni zikihamia huko kabisa, kile tulichopata kwa bahati mbaya ya umaskini itabidi tukipate kwa sheria. Na 2025 tayari kulikuwa na mswada wa kutaka kila mteja wa intaneti awe na namba yake na matumizi yapimwe kama ya stima. Watu waliupinga kwa sababu ya bei. Wachache waliuliza kuhusu namba.

Sasa kwa nini nimechemka na jambo hili? Basari.

Ofisi moja ya umma, siitaji, ilifungua fomu ya basari mtandaoni. Kwa nia njema, nadhani, waliweka kikomo: ombi moja kwa kila IP kwa siku, kuzuia watu kuomba mara mbili. Binamu yangu, yule wa meza moja, alikuwa anaingia chuo cha ufundi. Akajaza kila kitu, akabonyeza, akajibiwa kwamba ombi kutoka anwani hii limeshapokelewa. Hakuwa ameomba. Alikuwa ameomba mtu mwingine, asijulikane wapi, kwenye gunia lilelile. Jirani zetu wawili walijibiwa hivyohivyo. Tulipoenda kuuliza, karani akageuza kompyuta kidogo ili tuone orodha, akasema watu wa upande wenu mmejaribu mara nyingi na IP moja, mnataka kuiba nafasi za wengine. Nikajaribu kumweleza mambo ya kituo na kiwanda. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema mfumo ndio umekataa, si yeye.

Kesho yake binamu alipanda boda hadi Litein, kwenye saiba, akatumia kompyuta ya pale. Ikapita. Alikuwa wa kwanza asubuhi hiyo. Nyuma yake kulikuwa na kijana mwingine na fomu hiyohiyo, na saiba nzima inatoka nje kwa anwani moja, kwa hivyo mnajua alichojibiwa. Binamu akamshauri ajaribu Kericho mjini. Kijana akasema nauli aliyokuwa nayo ni ya kurudi nyumbani.